Umeme wa Gari la Ginnima

2 Julai

Ginnima amenipa daftari hili asubuhi. Ni la zawadi, la duka la dawa, na kila ukurasa una picha ya chupa ya dawa ya kikohozi. "Haru," akasema, "andika humu kila ugonjwa wa gari, ili ukienda kwa fundi usimdanganye." Nikamwambia mimi sijawahi kumdanganya fundi, fundi ndiye hunidanganya mimi. Akasema basi ndiyo maana tunapatana. Macho yake hayasomi tena maandishi madogo, kwa hiyo nitaandika nitakavyo, na nitaandika madogo.

Mimi ni Haradhan Maity, dereva wa nyumba hii ya Bagbazar tangu gari lilipokuwa jipya na mimi nina meno yote. Shule niliacha darasa la nne, kwa makubaliano mazuri kati yangu na mwalimu. Gari ni Ambassador jeusi, limezaliwa mwaka mmoja na binti yangu wa kwanza, na wote wawili wakinyeshewa hawataki kuambiwa kitu. Ginnima ndiye mwenye nyumba. Ana miaka themanini na moja. Jina lake halisi sijalisikia likitajwa tangu Babu, mumewe, afariki.

Ugonjwa wa gari: ukiendesha mvuani na waipa zinafanya kazi, ile taa nyekundu kwenye dashibodi inabaki inawaka kama jicho la mlevi. Maana yake umeme hauingii kwenye betri.

Ugonjwa wa nyumba: imekuja barua kutoka Chandannagar. Dada yake mkubwa Ginnima, Mama Nirupama, ameanza kusahau. Mkwe wake ameandika, "Mama mdogo, bado anakutaja, lakini kila wiki kuna mtu mmoja anayetoka kichwani mwake. Kama unataka akujue, usichelewe."

Hawajasemezana miaka kumi na tisa. Nilikuwepo. Ilikuwa karamu ya matanga ya Babu, watu wamekaa safu wanakula, na Mama Nirupama akasema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "Hilo gari utaliuza kabla ya mwaka kwisha, upate mchele." Ginnima akaenda akaiondoa sahani ya dada yake mbele ya wageni wote, na samaki bado yumo.

Khiroda, mpishi wetu, amesema leo si twende kwa treni, ni mwendo wa saa moja. Ginnima na nyonga zile hawezi kupanda daraja la stesheni. Basi teksi. Ginnima akamtazama Khiroda mpaka Khiroda akakumbuka kwamba ana vitunguu jikoni. "Nitafika kwake kwa gari lile lile," akasema. "Au sifiki."

3 Julai

Mvua. Gari limewaka.

5 Julai

Mvua. Nimeosha gari, mvua ikaliosha tena. Imelitakatisha kuliko mimi.

9 Julai

Tumetoka saa nne asubuhi. Ginnima kavaa sari nyeupe yenye ukingo mwembamba, kapakata sanduku la peremende za maziwa. Hadi njiapanda ya Dunlop tulikwenda kama wafalme. Hapo mvua ikashuka kweli, nikawasha waipa, giza likawa la magharibi, nikawasha taa. Jicho la mlevi likafunguka. Nikasema moyoni, litafumba tukikimbia kidogo. Lakini nani anakimbia kwenye barabara ile na malori yale? Tukiwa juu ya daraja la Bally waipa zikaanza kutembea kizee, zikafika katikati ya kioo zikapumzika. Kisha injini ikakohoa mara mbili, ikazimika, na mto uko chini yetu.

Wanaume sita wametusukuma, hakuna hata mmoja aliyekosa la kusema. Mmoja akaniuliza, "Mzee, hili gari lina umri gani?" Nikamwambia dogo kwangu. "Basi ungeketi wewe ndani, lenyewe likusukume." Ginnima alisikia. Nyuma kukawa kimya, lakini kwenye kioo nikaona mabega yake yanatikisika. Alikuwa anacheka. Wakati ule bado tulikuwa tunacheka.

Peremende tumekula sisi.

10 Julai

Nimeazima betri, nimelifikisha gari Mullick Bazar kwa Mokarram. Fundi huyu wa umeme ana ndevu zilizotiwa hina na ananiita Haruda, yaani kaka Haru, ingawa ananidai heshima zaidi ya hiyo. Tumejuana miaka thelathini na hatujawahi kukubaliana bei, wala hali ya hewa.

Kafungua boneti, kabonyeza mkanda wa feni kwa kidole. Umelegea, akasema, akaukaza. Kafungua dinamo nyuma, akachungulia kaboni zake, akaguna. Kisha akafungua kifuniko cha kile kisanduku cheusi kilichofungwa kwenye ukuta wa injini, ambacho mafundi hukiita katauti. Ndicho kinachoiamuru dinamo itoe umeme kiasi gani. Akachungulia. Akakifunga tena polepole, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mtu ndani.

"Haruda," akasema, "mambo ya dinamo yamepitwa. Tuweke altaneta."

"Dinamo imekula chumvi na sisi miaka arobaini."

"Ndiyo hiyo chumvi, imeliwa ikaisha. Altaneta inachaji hata gari likiwa limesimama kwenye foleni. Taa, waipa, zote."

"Na wewe una altaneta moja tu pale rafuni, na unataka iondoke."

Hakujibu. Mokarram kutojibu ni kitu cha kuandikwa, ndiyo maana nakiandika.

14 Julai

Jua kidogo. Nimempeleka Ginnima kwa daktari wa nyonga na kurudi, taa nyekundu haikuwaka hata mara moja. Mkanda ndio uliokuwa na shida. Altaneta gani.

15 Julai

Mvua.

16 Julai

Mvua. Khiroda kaniuliza kama daftari hili ninaandika mashairi. Nimemwambia ni barua za mapenzi. Akauliza kwa nani. Nikasema kwa mkanda wa feni, unakubana lakini hausemi.

23 Julai

Safari ya pili. Tumefika mbali kuliko mara ya kwanza, tumefia Rishra, mbele ya duka la kupima damu. Kila kitu vilevile: mvua, waipa, taa, jicho, kikohozi, kimya. Ginnima safari hii hakucheka. Alikaa na peremende mapajani, akatazama nje. Mwenye duka alimletea chai ndani ya gari, akamwambia asiogope, hatampima.

"Haru," akasema akishika kikombe, "unajua Dada alinifundisha kusuka nywele? Nilikuwa nimekalia ngazi, yeye ngazi ya juu. Akivuta, nalia. Nikilia, anavuta."

Sikujua. Miaka arobaini nimeuona uso wake kwenye kioo, hili sikulijua.

24 Julai

Mokarram amebadilisha kaboni za dinamo. Akalisugua lile gurudumu la shaba ndani yake kwa msasa laini mpaka likang'aa. Hakunitazama usoni. Nikamwambia, "Mara ya kwanza ulisema mkanda, sasa unasema kaboni, mara ya tatu utasema mimi."

"Haruda, mimi nasema altaneta. Tangu siku ya kwanza nasema altaneta."

"Tangu siku ya kwanza unataka kuuza altaneta."

"Haya," akasema, akajifuta mikono. "Nenda na kaboni zako."

2 Agosti

Barua nyingine. Mama Nirupama amemwita mwanawe kwa jina la mume wake, akamgombeza kwa kuchelewa kurudi kutoka ofisi iliyofungwa kabla hatujapata uhuru. Lakini bado anamkumbuka Ginnima. Amemwambia mkwe wake, "Mdogo wangu ana kiburi, hatakuja. Ana gari lakini hatakuja."

Ginnima amenifanya niisome sentensi hiyo mara tatu. Mara ya tatu nikaibadilisha kidogo, nikasema "ana gari zuri". Akasema, "Soma kilichoandikwa."

6 Agosti

Sitaki tena kumwona Mokarram. Nimelipeleka gari kwa fundi mmoja kando ya barabara ya Shyambazar, amevaa miwani ya jua mvuani. Amesema nyaya za dinamo ndani zimeungua, lazima isukwe upya. Sawa, isukwe.

11 Agosti

Dinamo imesukwa. Inanuka vanishi kama kiti kipya.

12, 13, 14 Agosti

Mvua, mvua, mvua. Barabara ya nyumbani ina maji hadi magotini. Muuza samaki amepita na kapu kichwani, nikamwambia aliweke chini, samaki wajitembeze wenyewe. Hakucheka. Watu wamechoka.

21 Agosti

Safari ya tatu. Kabla ya Serampore, kwenye njiapanda ya reli, geti limefungwa, treni ya mizigo inapita behewa moja moja kama inahesabiwa. Injini inazunguka polepole, taa zinawaka, waipa zinatembea. Nikaona sindano ya saa ya umeme inalala upande wa hasara na hainyanyuki. Niliomba treni iishe. Treni ikaisha, geti likafunguka, gari likafa.

Magari nyuma yetu yalipiga honi. Nilitoka nikafungua boneti, nikasimama nimeshika waya wowote, ilimradi nionekane nafanya kitu. Maji yakaniingia shingoni. Niliporudi ndani, Ginnima alikuwa ameliweka sanduku la peremende sakafuni.

"Labda Babu hataki niende," akasema. "Labda gari linajua alichosema Dada, halitaki kumwona."

Nimezoea mama huyu akinigombeza. Kwa hilo nina majibu elfu. Kwa hili nilipata moja tu. Nikasema, "Mama, gari halijui kitu. Ni chuma na mpumbavu mmoja anayeliendesha."

"Turudi, Haru."

Tulivutwa na lori la mchanga hadi nyumbani.

22 Agosti

Hakula mchana. Khiroda analaumu ngano, mimi nalaumu dinamo.

29 Agosti

Mkwe ameandika. Kuna siku anamkumbuka mdogo wake, kuna siku anauliza, "Mdogo gani?"

4 Septemba

Leo nitaandika sana, mkono ukiuma na uume.

Nimekwenda Mullick Bazar nimejaa hasira kama mtungi wa gesi. Mokarram alikuwa amechuchumaa juu ya benchi anakula mchele wa kukaanga na yai. Nikasimama mbele yake nikamwambia mbele ya majirani zake kwamba yeye ni mwizi. Kwamba kuna mama wa miaka themanini na moja ambaye dada yake anamsahau siku kwa siku, na yeye miezi miwili ananichezesha, mkanda, kaboni, ili tu nichoke ninunue altaneta yake ya rafuni.

Akaweka kijiko chini. Akanawa. "Lete gari," akasema.

Akaondoa nyaya mbili kutoka kwenye dinamo, ile kubwa na ile ndogo, akaunganisha ncha mbili za dinamo pale pale kwa kipande cha waya. Akagusisha taa ya kupimia, upande wa pili kwenye chuma cha gari. "Washa. Polepole."

Nikawasha. Taa ya kupimia ikawaka. Nikabonyeza mafuta kidogo tu, ikang'aa nyeupe, nusura ipasuke.

"Umeona? Dinamo haiumwi. Haikuwa inaumwa Julai, wala haikuhitaji kusukwa na huyo wa miwani. Inatoa umeme wote unaoutaka."

"Kwa hiyo ulijua Julai."

"Nilijua Julai."

"Kwa hiyo ni mwizi kweli."

Akazima injini yeye mwenyewe, akapeleka mkono mpaka kwenye katauti, akafungua kifuniko. Akasogea pembeni ili nione.

Ndani ni kwekundu. Ni unga mwekundu, ile sinduri tunayotia kwenye mapaji ya nyuso za wake zetu na kwenye mashine siku ya Vishwakarma, mungu wa mafundi. Imechanganywa na samli, imekauka, imepakwa kwa kidole gumba juu ya zile ncha mbili ndogo zinazogusana na kuachana. Alama ya kidole imeonekana wazi kabisa, hata mistari yake.

"Zile ncha zikigusana, dinamo inapata nguvu yote," Mokarram akasema kwa sauti ndogo. "Hapo katikati kuna sinduri. Hazigusani. Dinamo inapata nguvu ya kuombaomba tu. Jua likiwaka inatosha. Ukiwasha taa na waipa, haitoshi."

"Na wewe uliona hii tarehe kumi Julai."

"Niliona."

"Ungeifuta tu. Dakika moja."

"Haruda." Akatazama majirani, akanisogeza nyuma ya gari. "Mwaka juzi nilifuta alama kama hiyo kwenye teksi ya mtu, ilikuwa juu ya betri. Mteja akanikusanyia watu mlangoni. Nilifunga duka siku nne. Na hili ni gari la mama wa watu, mjane, mtu mkubwa. Nikasema, ni yeye ameomba mungu wake hapo. Nimwambie nini? Kwamba mungu wenu ndiye anayekula umeme? Niifute mimi, Mwislamu, kwa mkono huu? Nikasema bora altaneta. Altaneta ina katauti yake ndani ya tumbo. Umeme unapita njia nyingine, sinduri inabaki mahali pake, hakuna aliyeguswa. Kila siku nakwambia altaneta. Wewe unanihesabia senti."

Niliketi kwenye bampa.

Mjane hapaki sinduri. Kwetu haruhusiwi hata kuishika. Tangu Babu afariki, siku ya Vishwakarma ninayebariki gari hili ni mimi. Na mwaka jana tulikunywa, madereva wote wa mtaa, tunavyokunywa kila mwaka. Nikawa na akili nyingi. Nikasema, kila mtu anabariki usukani na boneti, na magurudumu, kwa nini hakuna anayebariki ubongo? Nikafungua kile kisanduku, nikatia kidole gumba kwenye bakuli, nikabariki ubongo. Nakumbuka nilijisifu.

"Ni mimi," nikasema.

Mokarram akanigeukia. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ningejua ni wewe," akasema, "ningeifuta Julai."

Kisha akacheka, na mimi nikacheka, mpaka nikagundua kwamba sicheki.

Akanipa ukanda wa karatasi ngumu. Mwenyewe hakutaka kushika hata sasa. Nimezifuta ncha kwa mkono wangu. Akazipima kwa lenzi yake, akatikisa kichwa. Zimeungua, zimechimbika. "Hii itakufikisha Bally. Chandannagar hapana. Na kisanduku kizima cha aina hii hakipatikani tena sokoni."

"Altaneta," nikasema.

"Altaneta," akasema, na hakunitania hata kidogo. Ningependelea anitanie.

5 Septemba

Nimemwona Ginnima. Sikumwambia. Nimemwambia fundi amegundua. Akauliza amegundua nini. Nikasema, umeme.

9 Septemba

Nimeshinda kwa Mokarram siku nzima, nikishika tochi. Altaneta ni ya kigari kidogo cha siku hizi, nyepesi kama boga. Dinamo imetoka baada ya miaka arobaini, bado inanuka vanishi. Kikalio cha zamani hakilingani, kwa hiyo amekata vipande vya bomba kujaza nafasi, akapima kwa uzi kama puli zimenyooka sawa. Waya wa kwenda kwenye betri ameweka mnene, ule wa zamani ungeungua. Na kazi kubwa kuliko zote: gari letu lilizaliwa limeunganishwa kinyume, chanya ya betri imefungwa kwenye bodi. Altaneta haitaki hivyo. Amegeuza betri, amebadilisha nyaya za koili, akageuza za saa ya umeme ili isije ikatudanganya. "Ukisahau moja tu," akasema, "altaneta inakufa kwa sekunde moja, bila kikohozi."

Katauti hakuitoa. Ameiacha ukutani na kifuniko chake, na sinduri yote iliyobaki ndani. Amezifunga nyaya zilizokuwa zinaingia humo, akazipitisha nje. "Ikae," akasema. "Haina kazi, lakini ikae."

Nimemwita mwizi mbele ya majirani zake. Nikaenda nikawaambia wale wale majirani, mmoja mmoja, kwamba mwizi ni mimi. Muuza vioo akaniuliza nimeiba nini. Nikasema miezi miwili.

11 Septemba

Injini ikizunguka polepole, taa zote zinawaka, waipa zinakwenda, sindano iko upande wa faida. Jicho la mlevi limefumba. Nimekaa ndani ya gari lililosimama nikitazama sindano kama mtu anayetazama mtoto mchanga analala.

13 Septemba

Mvua. Sijasema bado.

17 Septemba

Siku ya Vishwakarma. Hakuna fundi mji mzima anayeshika spana leo. Mashine zote zimepumzika na taji za maua, na juu ya mapaa yote watu wanarusha tiara.

Nimeliosha gari, nimelivika maua ya manjano. Sinduri nimeipaka kwenye boneti tu, nje, alama moja. Ginnima alikuwa amekaa kwenye kiti barazani akinitazama. Sikunywa. Yeye ndiye aliyegundua kwanza kwamba sikunywa.

"Unaumwa, Haru?"

Nikamwambia. Nimesimama na bakuli la sinduri mkononi, nikamwambia kila kitu, kidole gumba, ubongo, ncha mbili. Nikamwambia na Mokarram alivyonyamaza na kwa nini.

Tiara moja ikakatika, ikaanguka kwenye ua wetu. Hakuna aliyeiokota.

"Julai alikuwa ananikumbuka," Ginnima akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Julai nzima."

Alitazama mikono yake. Nilidhani ataniambia nirudishe funguo, na nilikuwa nazo mfukoni tayari.

"Yule fundi," akasema baadaye, "amenyamaza miezi miwili ili asiniumize, na hanijui. Na wewe ukamwita mwizi."

"Ndiyo, Mama."

"Nenda ukamlete ale. Mwambie Khiroda aongeze nyama. Na wewe utakaa naye mkeka mmoja, umpakulie."

Mokarram amekuja na kanzu iliyopigwa pasi. Nilimpakulia mara tatu. Ya nne akanishika mkono, akasema, "Haruda, inatosha, utaniua kwa kuomba radhi."

19 Septemba

Tumefika.

Mvua ilianza Dunlop, kama kawaida yake. Daraja la Bally tukalipita. Rishra tukaipita, mwenye duka la damu akasimama mlangoni akapunga mkono. Kwenye njiapanda ya reli, geti limefungwa tena, treni ya mizigo tena. Nilizima pumzi badala ya injini. Behewa la mwisho likapita. Tukaenda.

Mama Nirupama alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha nyumba yao karibu na mto, anachambua dengu. Mwembamba, nywele nyeupe fupi kama za askari. Nikamshusha Ginnima, nikamshika mkono hadi ngazini, nikabaki hapo chini na sanduku la peremende, kwa hiyo nilisikia.

Mama Nirupama akainua macho. "Karibu. Umetoka mbali?"

"Bagbazar."

"Mbali. Kaa. Mkwe wangu ataleta chai." Akatazama barabarani, kwenye gari linalotoa mvuke mvuani. "Gari zuri. La nani?"

"La mume wangu."

"Amebaki nyumbani?"

"Alifariki. Miaka kumi na tisa."

"Na hukuliuza?"

Ginnima alikuwa na jibu hilo. Nilijua analo, amelibeba miaka kumi na tisa, amelibeba mara tatu kwenye barabara hii hii na kurudi nalo. Mikono yake ilishika ukingo wa sari.

"Sikuliuza," akasema.

"Umefanya vizuri," Mama Nirupama akasema, akaendelea kuchambua dengu. Baadaye akauliza, "Una ndugu?"

"Ninaye dada."

"Mnapatana?"

"Tuligombana."

"Kwa nini?"

Mvua ilipiga mabati ya jirani. Mkwe alikuwa amesimama mlangoni na vikombe, hakutoka.

"Nimesahau," Ginnima akasema.

"Basi mfuate. Watu wanakufa."

"Nimemfuata."

Mama Nirupama akatikisa kichwa, ameridhika, kama mtu aliyemshauri mgeni vizuri. Akasogeza sinia la dengu katikati yao. Ginnima akavua bangili yake akaiweka pembeni, akaanza kuchambua. Mawe upande huu, dengu upande ule. Wakachambua mpaka sinia likaisha.

Njiani kurudi nilitaka kusema kitu. "Mama," nikaanza.

"Alhamisi ijayo," akasema. "Saa nne."

26 Septemba

Ijumaa. Safari ilikuwa jana. Wamejuana upya. "Umetoka mbali?" "Bagbazar." Wamemenya viazi. Sindano upande wa faida kwenda na kurudi.

3 Oktoba

Jana mara ya tatu. Mama Nirupama amemwambia Ginnima kwamba anasuka vibaya nywele zake, zimekaa upande. Akamkalisha ngazi ya chini.

10 Oktoba

Mvua zimekwisha, anga imeoshwa. Jana Mama Nirupama akauliza tena gari ni la nani. Ginnima akamwambia, "Letu. Panda tukazunguke."

Nikawafungulia mlango. Wakakaa nyuma wote wawili, wanagombania dirisha, na mimi nikaambiwa nitazame mbele.